Kipilefti Kati ya Nyumba Yangu na Kliniki

Kiharusi kilinipata asubuhi moja ya masika, nikiwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Mkono wa kushoto ndio ulioacha kazi kwanza. Niliutazama ukining'inia kama wa mtu mwingine, nikauamuru ushike kamba, haukutii. Kisha nikajikuta nimelala ubavu, shavu kwenye saruji baridi, nikitazama vumbi la chini ya kabati. Marehemu mke wangu asingelivumilia vumbi lile. Hilo ndilo wazo lililonijia, si jingine.

Ninaandika haya sasa kwa kuwa makali yamepita. Namwandikia mzee mwenzangu atakayeamka siku moja akute nusu ya mwili wake imegoma. Habari za mishipa ya damu na shinikizo ataelezwa na madaktari. Mimi nataka kumweleza habari za kuvuka barabara, na za mtu aliyekuwa akinivusha, na jinsi nilivyosababisha avunjike mguu bila kumgusa, na jinsi ndoa ya mwanangu ilivyobaki kidogo ivunjike pamoja na mguu huo.

Naishi Ilomba, hapa Mbeya, katika nyumba niliyoijenga nilipokuwa karani wa ghala la kahawa. Binti yangu Anna ameolewa Iringa, anakaa Mlandege. Mwanangu Ambakisye ni fundi wa magari. Alipooa nilimwambia asihangaike kupanga, nyumba ni kubwa, alete mke wake tukae wote. Mke wake anaitwa Tupokigwe. Wazazi wake ni Wanyakyusa kama sisi, ila walihamia Chimala zamani kulima mpunga.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu Unyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawakaribiani. Tunaita ukutila. Zamani mwanamke akimwona baba wa mume wake njiani aliingia migombani mpaka mzee apite. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hali naye chakula, na kumgusa ni aibu kwa koo zote mbili. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini. Wazee wana namna ya kuufungua mwiko huo, kila ukoo na yake, na ukishafunguliwa mkwe anakuwa kama binti wa nyumbani. Mimi sikuufungua. Hakuna aliyenizuia, hata mchungaji alinishauri niufungue. Niliona fahari tu kuwa na mkwe aliyelelewa vizuri, anayezunguka nyuma ya nyumba ili asikatize mbele yangu.

Mke wangu alipokuwa hai, maneno yalipitia kwake. Alipofariki, Tupokigwe akawa anazungumza na mlango.

"Chai ya baba iko mezani," anauambia mlango.

Nami naujibu mlango, "Ahsante."

Ambakisye alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. "Mlango huu siku moja utadai mshahara," anasema.

Hospitali nilikaa hadi mvua zilipoanza kupungua. Nilirudi nyumbani na mdomo uliopinda, ute ukinitoka bila habari, na mguu wa kushoto ukiburuzika kama kiatu kilichoazimwa. Mwanangu aliniogesha. Nilizoea kila kitu upesi isipokuwa hilo. Nilikuwa nafumba macho kama mtoto anayedhani akifumba haonekani. Tupokigwe alinipikia uji mwepesi na ndizi zilizopondwa, akaviweka karibu na kitanda nikiwa usingizini. Sikumwona hata siku moja akiingia wala akitoka. Niliona bakuli limejaa, kisha naona limeoshwa.

Daktari alisema niende kliniki ya mazoezi kila Jumatatu na Alhamisi. Kliniki iko ng'ambo ya barabara kuu. Ukisimama mwisho wa mtaa wetu unaliona bati lake la kijani. Katikati kuna kipilefti.

Nilikuwa nakipenda sana kipilefti kile. Kilipomalizika kujengwa nilikuwa napeleka wageni kukitazama: maua katikati, minyororo iliyopakwa rangi, taa. Siku ya harusi ya Ambakisye msafara wetu wa magari ulikizunguka tena na tena, matarumbeta yakipigwa juu ya pikapu, na Tupokigwe amekaa ndani ya gari la mbele na shela yake. Nilijisemea, sasa na sisi tuna mji. Ukiwa ndani ya gari kweli ni kitu kizuri.

Ukiwa na mguu unaoburuzika ni kitu kingine. Midomo ya barabara zinazoingia pale ni mipana, imetengenezwa hivyo ili malori marefu ya Tunduma yakate kona bila shida, na pale ambapo lori halipunguzi mwendo, gari dogo litapunguza kwa nini? Dereva anayeingia anatazama kulia kwake, yanakotokea magari yanayozunguka. Mwenda kwa miguu yuko kushoto kwake. Hamwoni. Pundamilia imechorwa mdomoni kabisa, pale ambapo anayetoka ndiyo kwanza anakanyaga mafuta. Katikati hapana pa kusimama. Ukianza kuvuka, umalize pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Jiwe la ukingo ni refu, mguu wangu haukulipanda bila kuinuliwa kwa mkono. Na baiskeli hazikupewa mahali popote. Zinajibana pembeni, gari linalotoka linazikata mbele, kwa hiyo wenye baiskeli wanaotaka kuishi wanapanda kwenye kijia cha waenda kwa miguu, na huko wanakutana na sisi. Kwenye kona, kati ya jiwe la ukingo na mtaro, kijia kinakuwa chembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kusimama bila kugusana.

Haya yote sikuyaona nilipokuwa mzima. Nilipita pale miaka kwa miguu yangu miwili, nikaruka nilipotakiwa kuruka, nikawaita wazembe waliogongwa.

Mwanzoni Ambakisye alinipeleka mwenyewe, akawa anachelewa gereji hadi bosi wake akaanza kununa. Tukajaribu bajaji. Dereva alinishusha upande wetu.

"Mzee, nikiingia mle kuzunguka mpaka ng'ambo, malori yananibana," alisema. "Kliniki si ile pale unaiona?"

Kuiona niliiona.

Jioni ile tulikuwa sebuleni. Tupokigwe akasema akiwa nyuma ya pazia la jikoni, "Amba, mwambie baba nitampeleka mimi."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Tukaanza kwenda. Mimi mbele na fimbo, yeye nyuma kabisa, amebeba mfuko wenye kadi yangu na chupa ya maji. Tukifika kipileftini anasimama, anatazama, kisha anaiambia hewa, "Sasa njia nyeupe." Mimi naanza kujiburuza, naye anafuata kwa mbali. Mara nyingi njia haikubaki nyeupe mpaka nifike. Honi zililia, madereva wakatoa vichwa. Mmoja aliniambia, "Babu, lala basi tukuruke." Kila tulipofika salama nilihema kama mtu aliyepanda mlima Loleza, na yeye anasimama kando akinipa muda, amegeuka kutazama mtaro.

Chumba cha kungojea pale kliniki kilikuwa na mabenchi mawili na dirisha lisilofungwa vizuri. Tulikuwa watu wale wale kila mara, tukajuana kwa viungo: mama wa bega, kijana wa goti, mimi wa ubavu. Mama wa bega aliniuliza, "Yule dada aliyekaa nje na mfuko ni binti yako?"

"Ni mkwe wangu."

"Mbona hapati kuingia? Nje baridi."

"Ndivyo alivyolelewa," nikasema, na nilisema kwa majivuno.

Alinitazama kidogo. "Na wewe ulilelewaje?"

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mwezi wa sita ulikuwa umeanza. Nje kulikuwa na baridi ile ya Mbeya inayoingia kwenye mifupa, na Tupokigwe alikuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani.

Mama aliyetufanyisha mazoezi aliniambia zaidi ya mara moja, "Mzee, njiani ushikwe mkono. Tena ushikwe upande mgonjwa." Nilijibu ndiyo. Kwa watu wa kliniki nilikuwa mwepesi wa ndiyo.

Tupokigwe lazima alimsikia kupitia dirishani, maana safari iliyofuata, tulipofika kwenye jiwe la ukingo, alinikaribia. Hakunigusa. Alinyoosha mkono tu, akauacha hewani karibu na kiwiko changu. Pale karibu kuna kibanda cha fundi viatu ambapo wazee wenzangu hucheza drafti, na rafiki yangu Gwakisa alikuwa ametuona.

"Aisee," alisema kwa sauti ya kusikika, "siku hizi mkwe ndiye anakuongoza. Kesho atakubeba mgongoni, keshokutwa atakuogesha."

Walicheka wote. Hapakuwa na ubaya, Gwakisa ndivyo alivyo, hata msibani anatania. Lakini maneno yale yaliniingia. Jioni niliuambia mlango, "Tukiwa barabarani akae mbali na mimi."

Mlango ukajibu, "Baba amesikika."

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na ukungu. Tulikuwa tunakwenda kliniki. Tupokigwe alisema njia nyeupe, nikaanza. Nilikuwa nimepita nusu ya kwanza lori lilipoingia upande wa pili, taa zikiwa zimewashwa. Nikasimama. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi, na chini ya miguu yangu hapakuwa na kitu isipokuwa lami ile ile ya magari. Nilisikia mbio nyuma yangu, na koti langu likakamatwa mgongoni, nikasukumwa, nikaburutwa, nikainuliwa juu ya jiwe la ukingo la ng'ambo. Lori likapita na upepo wake.

Tulikuwa kwenye ile kona nyembamba. Nyuma yangu mtaro, mbele yangu Tupokigwe, na bado amelishika koti langu. Tulikuwa karibu sana. Niliona uso wake waziwazi kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi. Na mimi, mtu niliyeokolewa, nikasafisha koo.

Kila nyumba ina sauti zake. Katika nyumba yangu, mimi nikisafisha koo maana yake niko hapa, anayestahili kuondoka aondoke. Tupokigwe aliijua sauti ile kuliko mtu yeyote. Aliliachia koti kama limemwunguza, akarudi nyuma. Nyuma hapakuwa na kijia. Alishuka kwenye jiwe, akatua barabarani.

Kijana mmoja aitwaye Elia, mkulima wa viazi kutoka milima ya Usafwa, alikuwa anakuja na baiskeli yenye magunia, amejibana pembeni kwa sababu kosta iliyokuwa inatoka ilimkata mbele. Kwa mzigo ule, na lami imelowa, breki ni jina tu. Alimgonga Tupokigwe na wote wakaanguka. Nilisikia viazi vikidondoka kimoja kimoja na kubiringika mpaka katikati, vikapondwa na matairi. Tupokigwe hakulia. Alikuwa anautazama mguu wake, ambao ulikuwa umelala vibaya.

Watu walijaa. Wakatafuta wa kulaumu, wakampata Elia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na baiskeli.

"Hawa wa viazi ndio wanatumaliza," mtu mmoja alisema, na mwingine akampiga kofi.

"Nilibanwa na kosta, wazee wangu," Elia alisema akiwa amekaa chini, kiwiko kinatoka damu. "Ningekwenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi ningeweza. Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini kwa salamu na kwa amri haukunishinda. Ningeweza kusema mwacheni, ni mimi. Nilinyamaza, na watu wakaniona mzee mgonjwa aliyeshtuka, wakaniletea kiti.

Mfupa wa Tupokigwe wa chini ya goti ulikuwa umevunjika mahali pawili. Walimwekea chuma, kisha akafungwa hogo la plasta kutoka pajani hadi wayo. Nilikwenda hospitali kila siku ambayo Ambakisye alikwenda, na kila siku nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wanawake. Sikuingia. Niliwaambia watu kwamba ni mila. Ukweli ni kwamba nilitaka mila inifiche.

Siku ya pili Elia alikuja na mfuko mdogo wa viazi. Aliingia wodini, akampa pole, akatoka, akakaa kando yangu.

"Mzee, mbona huingii?"

"Ni mkwe wangu."

"Aa," alisema. "Na sisi Wasafwa tunayo hayo. Ila mtu akishawekewa chuma mguuni, mimi naona mila nayo ingekaa benchi kidogo."

Nikamwambia kwamba kosa halikuwa lake. Alitikisa kichwa, akiutazama mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Nilipopigwa kofi ulikuwa umesimama pale pale," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Haya." Alisimama, akajipangusa suruali. "Kofi lenyewe limeshapoa. Mwambie dada viazi vile ni vya unga, vichemshwe na maganda."

Tupokigwe aliporuhusiwa, baba yake alikuja kutoka Chimala na gari la kukodi. Anaitwa Mzee Lusekelo, mtu mpole, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alimwambia Ambakisye mbele yangu, "Mwanangu nilimtoa mzima. Naenda kumwuguza mwenyewe. Akipona tutazungumza." Mimi alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za mkono. Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Ambakisye alinipikia, akaniogesha, akaniwekea dawa, yote bila kunitazama. Siku moja tu alisema, akiwa ananivalisha soksi: "Aliniambia anaogopa kukuvusha pale. Nikamwambia avumilie, mzee karibu atapona." Akamaliza soksi ya kwanza, akashika ya pili. "Kwa hiyo na mimi nimo."

Sikumwambia kuhusu kusafisha koo. Nilikuwa nimengoja aniulize, na hakuwa na sababu ya kuniuliza.

Anna alipopata habari alikuja kunichukua. Basi la Iringa lilipopita Chimala niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu mpaka mashamba yalipokwisha.

Pale Mlandege nilikaa kiangazi chote. Upepo wa Iringa ulinikausha midomo, nikawa napakwa mafuta kama mtoto mchanga. Vidole viwili vya kushoto vilianza tena kujikunja. Anna hakunipa nafasi ya kuwa mzee wa heshima.

"Lete mkono, baba."

"Naweza mwenyewe."

"Najua unaweza. Lete."

Njia ya kliniki ya huko nayo ilikuwa na kipilefti, kidogo, hakina maua. Siku ya kwanza nilipokiona miguu ilikataa. Anna akanivuta taratibu. Barabara ilikuwa imepindishwa kabla ya kuingia, hivyo magari yalifika yakiwa yamechoka. Pundamilia ilikuwa nyuma kidogo ya mdomo, gari zima linaweza kusimama kati yake na mzunguko. Jiwe la ukingo lilikuwa limeshushwa mpaka usawa wa lami. Na katikati ya barabara kulikuwa na kisiwa cha zege, kimeinuliwa kidogo, mtu anavuka nusu, anapumzika, anatazama upande wa pili, anamalizia. Mwenye baiskeli alikuwa amesimama hapo na madumu ya maziwa. Aliposhuka kutupisha alisema "Kamwene," salamu ya Wahehe, nami nikamwitikia.

Nilisimama juu ya kisiwa kile, magari yakipita mbele yangu na nyuma yangu, na hakuna lililonigusa. Nikashindwa kuendelea. Anna alidhani kiharusi kinarudi.

"Baba? Unaumwa?"

"Siumwi," nikasema. "Hapa wanaenea watu watatu na baiskeli."

Hakuelewa. Nilimweleza palepale, katikati ya barabara, habari ya koo. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Alisema, "Tuvuke kwanza," na tulipofika ng'ambo akaninunulia maji.

Wewe mgonjwa unayesoma haya, utaambiwa kwamba uponyaji unakuja kidogo kidogo, na ni kweli. Mimi niliweza kufunga kifungo cha shati kabla ya mvua za kwanza, nikafurahi siku nzima. Lakini kuna usiku nilitamani mkono usipone, kwa kuwa kila ulipopata nguvu niliona kama nimeupora mguu wa mtu. Mawazo hayo nayo ni sehemu ya ugonjwa. Yaseme kwa mtu, yasikae na wewe.

Mvua zilipoanza, Ambakisye alipiga simu. Hogo limefunguliwa zamani, alisema, Tupokigwe anatembea, anachechemea kidogo. Lakini baba yake amekataa kumrudisha mpaka baba mkwe aende mwenyewe.

"Tumtume mshenga," nikasema. Kwetu mzee hasafiri kwenda kuomba radhi bila mtu wa kumtangulia.

"Hataki mshenga, baba. Na mimi sitamtuma. Usipokwenda, nitahamia Chimala."

Nilikwenda. Anna alinisindikiza mpaka stendi ya Chimala, Ambakisye akanipokea na kunipeleka kwa wakwe zake. Kulikuwa na harufu ya mpunga uliolowa na matope. Tukaketi barazani: Mzee Lusekelo, mkewe, wazee wawili wa ukoo wao, mwanangu na mimi. Nilikuwa nimeleta kitenge na jembe, kama ukoo wetu unavyofungua mwiko. Wakavipokea na kuviweka katikati, wakangoja.

Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa kuvunjika kwa mguu wa mtoto wao.

"Hilo ni la Mungu," Mzee Lusekelo alisema. "Alituambia aliteleza kwenye jiwe. Sisi tulitaka uje kwa sababu hukuingia wodini kumpa pole. Hilo tu."

Alisema aliteleza. Miezi yote ile, na baba yake anamwuliza, na mama yake anamwogesha, alisema aliteleza. Ambakisye alikuwa ananitazama. Ningeweza kuishia hapo; nilikuwa nimeshasamehewa kosa dogo, na kubwa lilikuwa limefunikwa vizuri na yeye aliyeumia.

"Hakuteleza," nikasema.

Niliwaeleza. Ulimi ulikuwa mzito, ikachukua muda, na hakuna aliyenimalizia sentensi. Nilipofika kwenye koo, mama yake Tupokigwe aliinuka akaingia ndani.

"Koo," alisema Mzee Lusekelo.

"Ndiyo."

"Mfupa wa mwanangu, kwa koo." Alilisukuma jembe kidogo kwa mguu, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kuona lina uzito gani. Wazee wawili walinong'onezana. Kisha akamwita binti yake.

Tupokigwe alitoka na kigoda chake mwenyewe, akakaa mbele yangu, mguu mmoja umenyooka. Wazee walisema maneno yao juu ya kitenge na jembe, mwiko ukafunguliwa. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Aliusogeza mguu wake kwa mikono miwili, akauweka vizuri.

"Nitarudi kwa mume wangu," alisema. "Ilomba sitarudi."

"Basi kaeni ninyi Ilomba, mimi nihame. Nitakaa kwa Anna."

"Si kwa sababu yako, baba. Na wewe ningekaa." Aliinua macho. "Nyumba ile kila kitu kiko ng'ambo. Soko, kanisa, kliniki. Kila siku lazima nivuke pale. Sitavuka pale tena, na nikijaliwa mtoto sitamvusha pale."

Niliweza kuomba radhi kwa koo langu. Kwa barabara radhi yangu haikutosha.

Wamepanga vyumba viwili ng'ambo, karibu na gereji. Mimi nimerudi Ilomba, chumba chao anakaa mwalimu mmoja ambaye hunisaidia kuchota maji. Nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa, nikasimama na fimbo yangu, nikasema tunaomba kisiwa katikati, tunaomba jiwe lishushwe, pundamilia irudi nyuma, na baiskeli zipewe njia. Elia alikuja, akasema naye. Bwana aliyetumwa kutusikiliza alisema kipilefti kilikaguliwa na magari yanapita vizuri, wenye magari hawajawahi kulalamika. Gwakisa akamwuliza kama wenye magari huwa wanavuka. Watu wakacheka, yule bwana naye akacheka, akaandika. Tangu wakati ule wamekuja kupaka pundamilia rangi mpya, mahali pale pale.

Kwa hiyo siku za kuwatembelea wanangu sivukii pale. Nateremka mpaka karibu na shule, barabara inakobana na kuna tuta, kisha napanda tena. Kwa mguu wangu ni safari. Nikifika Tupokigwe ananiwekea kiti, na kabla ya chai ananiuliza, "Umevukia wapi, baba?" Namwambia shuleni. Anaitikia, anaendelea na kazi yake.

Jumapili iliyopita mvua ilitishia na nilikuwa nimechoka. Nikavukia kipileftini. Nilifika mapema, nimekauka, na aliponiuliza nilifikiria kumdanganya. Nikamwambia kweli. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za Chimala na bei ya mchele. Nilipoaga, alivaa viatu, akachukua mwavuli, akanishika mkono wa kushoto, akaniteremsha njia yote ile mpaka shuleni, mimi nikiburuza wangu na yeye akichechemea na wake. Pale kwenye tuta alitazama pande zote mbili, akanivusha.

Nikamshukuru, nikaanza kuondoka. Ndipo nikageuka, nikaona kwamba naye lazima avuke kurudi, na hapakuwa na mtu wa kumvusha.